Mgeni wa Namba Tatu

Élisabeth alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, mchi ukiwa juu, pale binti yake mkubwa Jolie alipotoka mbio chumba cha mbele.

"Mama, Délice amepoteza sauti."

"Amepoteza namna gani? Alimeza mwiba?"

"Hapana. Anafungua kinywa, hakuna kitu kinatoka. Kuya uone."

Mchi ulibaki juu mkononi mwa Élisabeth. Kinu kikatwangwa bila yeye. Lilikuwa pigo moja, zito, la majani mabichi, nalo lilitoka dirishani mwa chumba cha mbele, ndani ya spika ya mashine ya mumewe, Rémy.

"Baba yako anarekodi nini tena?"

"Baba hayuko. Alienda kutafuta waya."

Élisabeth akaweka mchi chini taratibu, akajipangusa mikono kwenye kitenge, akaingia.

Délice, mtoto wa miaka tisa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake mbele ya kompyuta. Kinywa kilikuwa wazi kama cha mtoto anayesubiri dawa. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na chumba kilinuka tope, lile tope la mafuriko ambalo watu wa Uvira walilikwangua kutoka kwenye kuta zao na bado wanalijua kwa pua. Élisabeth alimwangalia mtoto kooni. Hakuna mwiba, hakuna uvimbe.

Ndipo spika ikasema, kwa sauti ya Délice:

"Karibu. Hii ni namba ya wamama wa ndakala wa Songo."

Hayo yalikuwa maneno waliyoyazoea. Élisabeth na wenzake walianika ndakala, dagaa wa ziwani, na kuziuza kwa wachuuzi wa Bwegera na Kamanyola, nao wachuuzi walipiga simu saa zote kuuliza kama mzigo upo. Rémy, fundi wa simu, akatunga programu ya kuwapokea: mashine inaitika yenyewe na kutoa habari za siku. Sauti ilikuwa ya Délice kwa sababu ile ya Rémy ilikuwa kama ya mtu anayesukutua, na ya Élisabeth, alivyosema Jolie, ingewafanya wateja waombe msamaha. Mwishoni mwa ujumbe mtoto aliaga vizuri kama alivyofundishwa: "Karibu tena."

Lakini sasa kioo cha mashine hakikuonyesha simu yoyote. Na sauti haikuendelea na habari za ndakala. Ilinyamaza, ikavuta pumzi, kitu ambacho katika rekodi hakikuwepo, kisha ikasema:

"Mama, mumeniwekea chakula?"

Jolie alipiga kelele. Élisabeth alimfunika kinywa kwa mkono wenye harufu ya sombe.

"Usimuogopeshe mudogo wako," alinong'ona. "Kimbia, ita baba yako."

*

Rémy alikuja na waya wake begani. Alimwangalia mtoto, akaangalia mashine, na mkewe alimwona akiwa na sura ya mtu anayejua kitu.

"Sema, Baba Jolie."

"Ni namba tu."

"Miye nilikuuliza juu ya mutoto, weye unaniambia namba."

Rémy akakaa chini sakafuni. Akaeleza kwa sauti ya chini, kwa haraka, bila kumwangalia. Simu, alisema, ina hali zake, na programu inazijua kwa namba. Moja, laini imetulia. Mbili, inaita. Nne, imepokelewa. Nane, imekatika. Kila namba imepewa jina lake, na jina hilo na namba hiyo havibadiliki hata mashine izimwe na kuwashwa. Ndiyo maana mafundi wanaziita konstanti.

"Sasa juma lililopita ikaanza kuleta tatu."

"Tatu ni nini?"

"Tatu haiko. Tatu ni moja na mbili pamoja. Ni laini yenye imetulia na iko inaita, mara moja. Haiwezekani. Kama imetulia, haiiti. Kama inaita, haijatulia."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Programu ilikuwa inaanguka kila ile tatu ikiingia. Wateja wanakatika. Basi nikaongeza konstanti moja. Nikaipatia jina, ili mashine ikiiona iipokee, isianguke."

"Jina gani, Rémy?"

Hakumwita Baba Jolie. Rémy akajikuna shingo.

"Mugeni. Sababu ilikuwa inaingia bila kubisha. Nilifanya muchezo tu."

Élisabeth aliangalia kile kisanduku kidogo cha simu kilichounganishwa na kompyuta. Rémy alikinunua kwa mtu aliyekifukua katika tope la ofisi moja iliyofunikwa mto ulipotelemka na mawe. Tundu za skrubu bado zilikuwa na udongo. Siku ile mto ulipotelemka, watu walisimulia juu ya mama mmoja wa mapokezi wa ofisi hiyo aliyekataa kutoka, kwa sababu alikuwa kwenye simu na mtoto wake, akiuliza kama wamemwekea chakula, mpaka maji yakamfunika.

"Izime," alisema.

Rémy akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, spika ikanyamaza, mvua ikaanza kuanguka juu ya mabati, na katika giza lile la mvua Élisabeth akaona midomo ya Délice ikianza kusogea, polepole, bila sauti, ikitengeneza maneno ambayo mama hakuhitaji kuyasikia ili kuyajua, mama, mumeniwekea chakula, mama, mumeniwekea chakula, na maji yakawa yanatiririka kutoka ukingo wa gauni la mtoto hadi sakafuni ingawa mtoto hakuwa ametoka nje tangu asubuhi.

*

Mama Pélagie aliongoza chumba cha maombi huko nyuma ya soko, na mchana aliuza makala, makaa ya kupikia. Jolie alipomwita, alikuja na mikono myeusi. Hakufungua Biblia, hakupiga kelele. Alimsikiliza Rémy akieleza, kisha akauliza swali moja tu.

"Mulikipatia jina?"

"Ni namba tu, Mama Pélagie," alisema Rémy.

"Na huyu mutoto, alizaliwa mukamupatia jina. Naye ni namba tu?"

Rémy akauweka kando waya wake.

"Chenye kimetulia na kinaita," alisema mama yule, "wazee wetu hawakuhitaji kompyuta kukijua. Ni mufu asiyemaliza mazungumuzo. Alikuwa anatafuta mulango tu. Weye ukamuambia ni mugeni. Mugeni anafanya nini mu nyumba ya watu?"

Élisabeth ndiye aliyejibu. "Anakula. Analala."

"Na atalala wapi?"

Wote walimwangalia Délice. Shingo ya mtoto ilikuwa ya kijivu, na kifua kilipanda kwa shida, kama vile mtu mwingine alikuwa anakitumia pia.

"Mvua ikiisha na mugeni akiwa bado ndani," alisema Mama Pélagie, "sauti ya mutoto haitarudi, na nyuma ya sauti mutoto mwenyewe atafuata. Rémy, washa, futa ile jina. Mama Jolie, muwekee chakula kidogo, chenye alikuwa anaomba. Halafu tutamusindikiza mpaka ku ziwa, kama mugeni yeyote. Lakini musikilize muzuri. Mukigeuka kurudi, musimuage. Hata kwaheri. Hata neno."

Élisabeth alisonga ugali mdogo, akaweka na ndakala mbili juu. Rémy akafuta jina, kisha akachomoa kisanduku. Wakakifunga ndani ya kitenge pamoja na chakula, wakatoka.

Jolie alibaki kulinda nyumba. Njia ya ziwani ilikuwa tope tupu. Mama Pélagie alitangulia akiimba kantiki ya kanisani kwa pua, Rémy akafuata na tochi, Élisabeth akaja nyuma na mzigo kwenye mkono mmoja na mkono wa mtoto kwenye mwingine, na kadiri walivyokaribia maji ndivyo mzigo ulivyozidi kuwa mzito, ukilowa, ukivuja tope juu ya kiwiko chake, na nyuma yao, katikati ya kila hatua ya Délice na hatua iliyofuata, kulikuwa na hatua nyingine, ya mguu mkubwa, wa mtu mzima, unaochomoka katika tope taratibu kama wa mtu asiye na haraka kwa sababu anajua wenyeji wake watamngoja.

Élisabeth hakugeuka. Alifikiria sombe aliyoiacha kinuni. Alifikiria kwamba itageuka nyeusi.

Kwenye mawe ya ufukweni aliweka mzigo. Wimbi likaja, likaugusa, likarudi nao. Harufu ya tope ikakatika kama mlango uliofungwa. Mama Pélagie akainua mkono, wote wakageuka kurudi, midomo imefungwa.

Ndipo Délice akasema nyuma yao, vizuri kabisa, kwa sauti safi ya mtoto:

"Karibu tena."

Élisabeth hakusikia maneno. Alisikia sauti. Alipiga magoti kwenye tope, akamshika mtoto uso, akamwambia, "Sema tena, sema kitu chochote," na Délice akasema ana njaa, na Rémy akaanza kulia waziwazi. Wimbo wa Mama Pélagie ulikuwa umekatika. Alisimama kidogo akiwa amewapa mgongo. Kisha akashika njia nyingine ya kurudi kwake, bila kuaga.

*

Sombe haikugeuka nyeusi. Jolie alikuwa amemaliza kuitwanga na kuiinjika, na kwa mara ya kwanza mama yake alimsifu bila kuongeza kosa.

"Andika tarehe, baba," alisema Jolie. "Mama amenisifu."

"Kula kabla hajabadilisha akili," alisema Rémy.

Élisabeth alipakua. Sahani ya Rémy, ya Jolie, ya Délice, ya kwake. Akazipanga juu ya mkeka, akarudi jikoni kuleta maji ya kunawa. Tangu mafuriko hakuwahi kuruhusu mkono uingie katika ugali kabla hajahesabu watu wake, na watoto waliijua desturi hiyo, wakangoja.

"Rémy."

"Niko."

"Jolie."

"Niko, na njaa iko."

"Délice."

"Niko, mama."

Wote walikuwepo. Akamshukuru Mungu kwa sala fupi, akaketi, akanyoosha mkono mbele yake. Mkeka ulikuwa mtupu pale.

Akaangalia. Rémy alikuwa na sahani. Jolie alikuwa nayo. Délice alikuwa nayo, anakula. Ya nne ilikuwa karibu na mlango, upande ambao hakukaa mtu, na ugali wake ulikuwa umemegwa, na chini yake mkeka ulikuwa umelowa.

Élisabeth alinawa mikono mara ya pili, polepole.

"Jolie," alisema, "leta sahani ingine."

"Ya nani, mama?"

"Ya kwangu. Na weye Délice, sogea huku kwangu. Kula."