Simu Kutoka Dawati la Malalamiko

Fundi saa alikutwa amekufa asubuhi, ndani ya shimo la majitaka mbele ya duka la mkewe, fundi cherehani. Shingo ilikuwa imevunjika. Miwani yake ilikuwa mfukoni, haina hata mkwaruzo.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kobe kwa kutokuwa na haraka na jambo lolote, aliinama akachungulia. Shimo halikuwa na mfuniko wala kizuizi. Daktari wa polisi alithibitisha kwamba marehemu hakulewa wala hakupigwa; alitumbukia jioni iliyotangulia akielekea dukani.

Mwanasheria wa halmashauri ya mji alifika kabla maiti haijaondolewa. Alieleza, tena kwa ufasaha, kwamba halmashauri ina mashimo zaidi ya elfu na haiwezi kubeba wajibu wa kumwangalia kila mpita njia. Kobe alimwacha amalize, maana watu wa namna hiyo ukiwakatiza huanza upya.

Mjane alikiri kabla ya kuulizwa.

"Nimemuua mimi, afande. Wiki tatu nilizungushia shimo mapipa na mbao. Jana nikaviondoa."

"Kwa nini, mama?"

"Halmashauri walinipigia simu. Gari la matengenezo linakuja saa tisa, nisiwazuie kazi."

Gari halikuja. Kobe akaenda kulitafuta.

Katika ofisi ya halmashauri, daftari la malalamiko lilikuwa safi. Karani, mama mtanashati mwenye mwandiko wa kupendeza, alikuwa ameweka alama ya vema kila hatua: lalamiko limesajiliwa, mlalamikaji amepigiwa aondoe vizuizi, fomu imekabidhiwa kwa mkuu wa matengenezo. Lakini mkuu huyo, aliyepandishwa cheo mwaka uliopita, aliapa hajapata fomu yoyote mwezi mzima. Masikini, alidhani mji umetengemaa.

Kobe aliomba droo ya karani ifunguliwe. Fomu arobaini na moja zilikuwa humo, zimepangwa vizuri kwa tarehe.

"Nani alimpigia yule mama?"

"Mimi. Ndio utaratibu."

"Halafu fomu ukaikalia."

Karani alitazama ukuta wa kioo, ambako mkuu wa matengenezo alionekana mezani pake.

"Miaka tisa tulikaa meza moja. Kazi nimemfundisha mimi, kiti akapewa yeye. Kila asubuhi ananisalimia kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Nilitaka watu wamlalamikie, aonekane hafai."

"Na fundi saa?"

"Simjui hata kwa sura."

Alikamatwa kwa uzembe uliosababisha kifo. Mwanasheria alijaribu kurudia habari ya mashimo elfu.

"Kabla ya simu ile ungeweza kubishana," Kobe alimwambia. "Lakini ofisi yenu ililijua shimo, ikamwamuru mama huyu aondoe kinga yake, akawaamini. Hapo mlikwisha kuwa na wajibu kwake na kwa mumewe."

Mwanasheria alifunga mkoba wake.

Jioni Kobe alirudi dukani akamweleza mjane kila kitu, polepole, akimhakikishia kwamba kosa si lake. Mjane aliuliza kama karani alikuwa na ugomvi na mumewe.

"Hapana, mama. Alikuwa na wivu na mtu mwingine kabisa."



"Afadhali angetuchukia sisi," mjane alisema, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalia.