Simama Nyuma ya Gari, Nikuone

Zamani, kila Jumatatu asubuhi kabla ya kwenda kazini, mume mmoja alikuwa akimwita mkewe kutoka ndani ya gari lake dogo la rangi ya maziwa.

"Mke wangu! Njoo usimame nyuma, nikuone kwenye kioo!"

Naye alitoka jikoni na mwiko mkononi, akinung'unika. "Bwana huyu! Maziwa yatamwagika!"

Mume akikanyaga breki, taa mbili nyekundu ziliwaka. Mke aliinua mwiko juu. "Unawaka, bwana!"

Majirani walicheka. Binti yao mdogo alicheka kuliko wote.

Sasa miaka miwili ilikuwa imepita tangu mume afariki. Mkewe ndiye aliyeliendesha gari lile. Majirani walimwita Bibi Cherehani kwa sababu ya kazi yake ya kushona. Kila asubuhi alimpeleka mjukuu wake shuleni, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Asubuhi moja, karibu na shule, mtu alivuka barabara ghafla. Bibi Cherehani akakanyaga breki. Nyuma yake matairi yalilia. Gari la mkate lilisimama, nusura liwagonge. Mjukuu, aliyekaa kiti cha nyuma, alishtuka na daftari zake zikatawanyika.

Dereva wa mkate akatoa kichwa dirishani. "Mama, ukitaka kusimama utuage basi! Taa zako za breki zimekufa!"

"Zangu? Jana jioni nimeziona kwa macho yangu zikiwaka!"

"Basi zinakuwakia wewe peke yako!"

Jioni binti yake alisikia habari hiyo. Hakupaza sauti. "Mama, mwanangu hapandi tena gari hili mpaka nijue kwamba linaonekana linaposimama."

Bibi Cherehani alitazama mezani. Kiti cha mumewe kilikuwa kitupu. Sasa na cha mjukuu garini kiwe kitupu?

Kesho yake alinunua balbu mbili mpya, akampelekea jirani yake wa mlango wa pili. Jirani huyo alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke mcheshi asiyependa kubahatisha.

"Mama, umemnunulia mgonjwa miwani kabla hajapimwa macho," fundi alisema.

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu. Mbona jioni taa hizo hizo zinawaka?"

"Ulipozitazama, mguu wako ulikuwa wapi?"

"Mguu wangu? Si nilikuwa nimesimama nyuma ya gari! Ningeuacha wapi?"

Fundi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Hapo ndipo ulipokosea, mama. Balbu ya gari lako ina nyuzi mbili ndani. Uzi mmoja huwaka ukiwasha taa za usiku. Wa pili huwaka ukikanyaga breki tu. Mmoja ukiwa mzima, usidhani na mwenzake ni mzima."

Walizima injini, wakavuta breki ya mkono. Fundi alitoa balbu za zamani na kuzitazama. Nyuzi zote zilikuwa nzima. Kisha akaikagua fyuzi ya breki. Nayo haikuwa imeungua.

"Fyuzi ikiungua, weka nyingine yenye namba ile ile," alisema. "Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge waya mahali pake. Utaliunguza gari."

Akainama chini ya usukani. "Juu ya pedali ya breki kuna swichi ndogo. Ukikanyaga, swichi hii huruhusu umeme uende kwenye taa."

Alichomoa nyaya mbili za swichi, akaziunganisha kwa kipande cha waya. "Hii ni kupima tu, mama. Gari haliendeshwi hivi. Nenda nyuma utazame."

Bibi Cherehani akaenda nyuma. Taa zote mbili zilikuwa zinawaka, nyekundu kabisa.

"Basi swichi ndiyo iliyokufa," fundi alisema.

Bibi Cherehani hakusogea. Tangu msiba, hakuwahi kusimama pale huku taa za breki zikiwaka.

"Kumbe hakuwa akinichekesha," alisema polepole.

"Nani, mama?"

"Marehemu. Kila Jumatatu aliniita nisimame hapa. Nilidhani ni mapenzi tu. Kumbe alikuwa akipima taa!"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. "Kwani mtu hawezi kufanya yote mawili?"

Siku ile ile aliweka swichi mpya. Alihakikisha kwamba taa zinawaka pedali inapoguswa, na zinazima mguu unapoondoka. "Zipime kila wiki," alisema. "Ukikosa mtu wa kukutazamia, egesha gari nyuma yake ielekee ukuta ulio kivulini. Kanyaga breki. Utauona wekundu ukutani kwa kutumia kioo."

Jumatatu iliyofuata, Bibi Cherehani aliketi nyuma ya usukani. Injini ilikuwa imezimwa. Alishusha pumzi, kisha akaita.

"Mwanangu! Njoo usimame nyuma, nikuone kwenye kioo!"

Binti yake alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama naye! Maziwa yatamwagika!"

Bibi Cherehani akakanyaga breki. Kwenye kioo alimwona binti yake akizitazama taa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha mwiko ukainuka juu.

"Unawaka, mama!"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mjukuu akapanda na mkoba wake, akajifunga mkanda.