Nyumba Yenye Choo Kimoja

Jumamosi ile kwa kinyozi palijaa mpaka mlangoni. Sita kwenye benchi, wawili wameegemea friji la soda, televisheni inapiga kelele za mpira, na mashine za kunyolea zinalia juu ya vichwa vya watu. Katika vurugu hiyo akaingia mama mmoja wa makamo, gauni la zambarau lenye mifuko mikubwa, viatu vya chini, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Zamu yake ilipofika akakaa kwenye kiti cha fundi mwenyewe kama aliyekirithi.

"Fupi pande zote, juu uache kidogo," alisema. "Na usinichonge paji la uso. Nina umri wangu."

"Umri gani, Mama? Mbona mimi naona binti?"

"Nyoa, fundi. Maneno weka akiba."

Fundi akacheka. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mjane, mkono mwepesi, shati la kazi limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Akanyoa upande wa kushoto, laini kabisa. Akahamia wa kulia, na hapo ndipo tumbo lilipomkunja.

Sasa tumbo la mtu huyu, jamani, halikuwa na adabu. Halikubisha hodi, halikutoa notisi. Likisema sasa, ni sasa. Akazima mashine, akakwapua begi dogo jeusi chini ya meza, akasema, "Samahani, Mama, dharura," akatoka mbio kama mwizi.

Zikapita dakika tano, kumi, ishirini na tano. Aliporudi, jasho limemlowa, amevaa suruali ya kijivu badala ya ile nyeusi ya asubuhi. Yule mama bado alikuwa kitini, shuka shingoni, mikono kaikunja kifuani.

"Karibu," alisema. "Nyumbani hawajambo?"

"Nisamehe sana, Mama."

"Mimi ni mwalimu wa udereva. Saa sita nina mwanafunzi. Unataka niende na kichwa hiki, agonge ukuta kwa kunishangaa? Hata kishungi cha denge kina nafuu, chenyewe kinakaa katikati!"

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi akamaliza kazi bila kuinua macho. Alijua huyo hamwoni tena.

Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja, nywele hazijaota hata ukucha.

"Umefuata nini, Mwalimu? Hapa hakuna cha kunyoa."

"Nimekuja kuona kama leo utamaliza."

Ndivyo walivyoanza. Mwalimu akawa anampigia simu kati ya somo na somo, gari likiwa limeegeshwa, mwanafunzi kaenda kununua maji.

"Fundi wangu, nina dakika nne. Niambie kitu kitamu."

"Wewe."

"Hicho nilikisikia jana. Tafuta kingine."

"Basi wewe na kichwa chako chote."

Alicheka mpaka honi ikalia, maana aliegemea usukani. Na fundi, mashine mkononi, akabaki anatabasamu peke yake mbele ya kioo, mteja anamuuliza kulikoni.

Ila kuna jambo hakumwambia. Miaka miwili nyuma alikutwa na saratani ya utumbo mpana, chini kabisa karibu na njia ya haja kubwa. Wakampiga mionzi, wakakata kipande, wakaunga, wakamtundika mfuko tumboni miezi minane, kisha wakauondoa. Daktari akasema amepona. Ndugu wakashangilia. Na kweli saratani haikuwapo tena. Lakini utumbo uliobaki ulikuwa kama mtoto aliyedekezwa. Mara kumi kwa siku, siku nyingine kumi na mbili, na asipowahi, ndiyo hiyo suruali ya kijivu. Ndani ya begi jeusi mlikuwa na suruali ya akiba, chupi mbili, sabuni, taulo, mafuta ya kupaka na chupa ya manukato.

Kilichomkera zaidi ni kwamba hakuruhusiwa kulalamika. Akisema, "Jamani, nateseka," kaka yake anamkata: "Wenzako wako kaburini, wewe unalilia choo?" Basi akawa ananyamaza, anatabasamu, anashukuru, na moyoni amejaa hasira pomoni. Utamwambiaje mwanamke unayemtongoza kwamba hoteli hii hukuipenda kwa chakula, umeipendea mlango wa choo ulio karibu?

Kwa hiyo alidanganya. Siku Mwalimu anamsimulia jinsi marehemu mumewe alivyomfia mikononi, fundi aliinuka katikati ya sentensi, akapotea robo saa. Akarudi na uongo wa simu. Siku nyingine alikataa kukaa bustanini, eti jua kali, na mbingu ilikuwa imefunga mawingu. Mwalimu akawa anamtazama kwa jicho la pembeni, jicho la mtu aliyezoea kuangalia vioo.

Halafu Jumapili moja fundi akasahau begi ndani ya gari la Mwalimu. Simu ikalia jioni.

"Fundi, umeacha begi."

"Usilifungue, mpenzi. Nakuja."

"Nimeshalifungua. Suruali. Chupi mbili. Sabuni. Taulo. Manukato." Kila kitu alikitaja kwa utulivu wa kutisha. "Unalala kwa nani, fundi?"

"Silali kwa mtu."

"Kwa hiyo hizi chupi zinatembea?"

"Mwalimu, sikiliza..."

"Mimi si msichana wa kuzungushwa. Kila tukikaa unakimbia, unarudi umeoga, unanukia. Njoo uchukue vitu vyako, umpelekee mwenyewe."

Akaenda. Mwalimu alimfungulia mlango amevaa kanga mbili na uso wa kesi. Akamtolea uvivu: kwamba alimwona mtu mzima kumbe mhuni, kwamba amemfanya mjinga mbele ya binti yake, kwamba ndevu zenye mvi hazina maana kama kichwa cha chini hakina breki. Fundi alivumilia hapo. Halafu kitu kikamkatika.

"Sina mwanamke!" alifoka. "Nina utumbo! Utumbo nusu, wa kuungwaunga! Naenda chooni mara kumi na mbili kwa siku, Mwalimu. Nikichelewa najichafua mimi mtu mzima hivi. Hayo ndiyo mahawara yangu. Umeridhika?"

Akamwaga yote, mionzi, mfuko, usiku wa kulala amekaa. Mwalimu akavuta kiti, akakaa taratibu. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu.

"Ulijuaje? Mwanzoni?"

"Niliona damu."

Uso wa Mwalimu ukabadilika, kama mtu aliyezimiwa taa. Akamkabidhi begi. "Nenda nyumbani, fundi. Nitakupigia."

Hakupiga. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Simu ya fundi inaita mpaka inachoka. Akajijibu mwenyewe: kinyaa. Nani anataka mwanamume wa chooni? Akawa mkali kama pilipili, anagombana na wateja, akamkata mtu sikio, akampa spiriti badala ya pole. Alijilaumu kwa kusema, akajilaumu kwa kuchelewa kusema, akamchukia kila mtu aliyewahi kumwambia hongera.

Siku ya tisa ikaingia namba ngeni.

"Shikamoo, baba. Mimi ni binti wa Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Mama atanichinja akijua. Kazini kwao waliwapima choo, wote waliopita miaka hamsini. Cha mama kikaonekana kina damu, ya kuonekana kwa mashine tu, yeye mwenyewe hajawahi kuiona. Ameitwa Alhamisi ijayo aingizwe kamera ya utumbo. Barua anayo mwezi mzima. Jana amepiga simu hospitali, amefuta miadi. Nikamuuliza kwa nini, akasema, 'Kuna mtu walimtibu. Nimeona walivyomwacha.' Ni wewe, baba?"

"Ni mimi," fundi alisema.

Hakunyoa mtu tena siku hiyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa mazoezi ya udereva, kwenye mapipa ya rangi na mistari ya chokaa, akalikuta gari la Mwalimu limesimama. Akafungua mlango wa mwanafunzi, akakaa mbele ya usukani.

"Shuka," Mwalimu alisema bila kumtazama. "Nina somo."

"Somo litangoja. Mimi nimengoja siku tisa nikidhani umenionea kinyaa."

"Kinyaa?" Akageuka sasa. "Mimi nimelea mtoto, nimemuuguza mume miaka mitatu. Mavi yananitisha nini? Sikukukimbia wewe, fundi. Nimekimbia kuwa wewe."

Kauli hiyo ikamchoma kuliko kinyaa chochote. Alishika usukani wa gari lililozimwa.

"Kazi yangu ni hii," Mwalimu aliendelea. "Saa nzima katikati ya foleni na mtoto wa watu asiyejua breki. Tumbo likinikunja nikimbilie wapi? Bora nisijue. Nikifa nife na suruali moja."

"Kwa hiyo mimi ni tangazo!" fundi akapasuka. "Nimebandikwa mjini kutisha watu! Sikiliza, mwanamke. Mimi niliona damu mwaka mzima na nusu, nikasema bawasiri, nikapaka dawa, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilifika mlangoni. Wewe hujaumwa hata siku moja! Pengine hakuna kitu. Pengine kuna kinyama kidogo wanakinyofoa palepale na kamera yao, unarudi nyumbani kunywa chai. Mimi sikuachwa hivi kwa sababu nilikwenda. Niliachwa hivi kwa sababu nilichelewa!"

"Mbona unanifokea?"

"Nakufokea kwa sababu nakupenda! Na kwa sababu tumbo limenikunja, na choo cha hapa sikijui!"

"Nyuma ya ofisi, kushoto! Kimbia, usisimame!"

Akakimbia. Aliporudi, Mwalimu alikuwa nje ya gari, simu sikioni, kidole kimeziba sikio la pili. "Ndiyo, Alhamisi ile ile," alikuwa anasema. "Najua nilighairi, dada. Sasa nimeghairi kughairi."

Jumatano ndiyo siku ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Binti alikuwa kazini, hivyo fundi akafunga duka akaenda kukaa na Mwalimu. Hakuna aliyefikiria kwamba nyumba ile ilikuwa na choo kimoja.

Kufika saa nane mchana ilikuwa vita.

"Fundi, bado?"

"Bado."

"Fundi, nakufa huku nje!"

"Dakika mbili, laazizi."

"Dakika mbili sina! Toka!"

Akatoka anafunga mkanda, Mwalimu akampita na kumpiga kikumbo. Kisha zamu ikageuka, ikageuka tena. Waligombana kuhusu karatasi, kuhusu maji ya ndoo, kuhusu nani alikunywa nini. Mwisho fundi akakaa chini kwenye korido, mgongo ukutani, amechoka. Mwalimu akaita kutoka ndani.

"Fundi."

"Naam, mpenzi."

"Hivi ndivyo unavyoishi? Kila siku?"

"Siku nzuri mara kumi. Siku mbaya usiulize."

"Na unasimama unanyoa watu."

"Nafanyaje sasa?"

"Pole," Mwalimu alisema nyuma ya mlango. "Pole sana, mpenzi wangu."

Tangu atoke hospitali, fundi alikuwa amepewa hongera na mji mzima. Pole hakupewa na mtu. Akajifuta macho kwa mkono wa shati, na kabla hajajizuia mdomo ukamtoka.

"Mwalimu, nioe. Yaani, nikuoe."

"Unaniposa mlangoni mwa choo?"

"Ndipo tulipo."

"Nyumba iwe na vyoo viwili."

"Viwili."

"Na kesho wakikuta kitu kibaya?"

"Vitatu."

Alimsikia anacheka, kisha anaguna kwa maumivu. "Niulize kesho nikitoka," alisema. "Leo sina hata heshima ya kumjibu mtu."

Kesho yake waliingia hospitali saa mbili asubuhi. Fundi alikaa kwenye kiti cha plastiki, begi jeusi mapajani, anahesabu vigae. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akamwita pembeni. Walikuta vinyama viwili. Vyote wamevitoa, vimepelekwa maabara, majibu baada ya wiki mbili. Kimoja kilikuwa kikubwa kiasi, angekaa nacho miaka mingine michache isingekuwa hadithi nzuri, lakini kwa kukitazama tu hakikumtia daktari hofu. Kazi nzima dakika ishirini na tano.

"Asante, daktari," fundi alisema. Akaenda chooni, na safari hii tumbo halikumwita. Alijifungia, akalia kwa kwikwi mpaka mtu akagonga.

Mwalimu alikuwa kitandani, shuka mpaka kiunoni, macho mazito ya dawa ya usingizi.

"Umelia," alisema.

"Furaha."

"Usinidanganye. Mimi nafundisha watu wanaoniambia wameangalia kioo na hawajakiangalia."

Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nakuonea wivu," alisema, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Dakika ishirini na tano, Mwalimu. Ndiyo ingekuwa habari yangu yote. Naapa nimefurahi, nimefurahi mpaka naumwa. Lakini nina hasira. Nimechoka kushukuru. Mimi ni mtu gani, nakuonea wivu kitandani?"

Mwalimu hakumwambia ashukuru. Hakumtajia walioko kaburini. Aliutafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika.

"Kasirika," alisema. "Una haki yako. Na lile swali la jana, jibu ni ndiyo. Ila usije kwangu na tabasamu lile la dukani. Hasira zako njoo nazo, zote, tutazipangia chumba."

Nesi akaingia kusema wanaweza kwenda, mgonjwa avae viatu. Fundi akapiga magoti, akavitoa chini ya kitanda, akamvalisha kimoja kimoja, machozi yanamtoka na kamasi inachuruzika, wala hakujisumbua kujifuta.