Stika Iliyoogopwa Kubanduliwa

Boti ilikuwa imelazwa juu ya matairi mabovu nyuma ya karakana ya Gaspar, Manzese. Ubavuni mwake lilikuwa limejitokeza jina ambalo Gaspar hakulinunua.

"Soma mwenyewe, afande," alisema Gaspar. Kitambaa chenye mafuta ya taa kilikuwa begani mwake na kisu butu mkononi. Kazi yake ilikuwa kununua vitu vichakavu, kuvikwangua, kuvipaka rangi na kuviuza tena. Siku hiyo alikuwa ameikatisha kazi katikati, akafunga karakana na kwenda polisi kwa miguu yake mwenyewe.

Inspekta Revelian wa upelelezi, Temeke, aliinama kutazama. Alikuwa mtu wa Bukoba, mkavu wa maneno, na tangu asubuhi jino lilikuwa likimsumbua. Siku kama hiyo askari wake walimjibu kwa kifupi.

Rangi ya buluu ya boti ilikuwa imechujuka kwa jua, ila mahali palipowahi kubandikwa herufi palikuwa pamebaki na buluu yake ya mwanzo, iliyokolea. Herufi zenyewe mtu alikuwa amekwisha kuzing'oa, akafunika pale kwa stika za samaki, za hoteli na za mafuta ya mashine. Sasa Gaspar alikuwa amezibandua stika hizo, na alama za herufi zilisomeka wazi: JITEGEMEE.

"Mama yangu!" alisema Koplo Gaudens, msaidizi wa Inspekta. "Boti ya Kijichi!"

Nani Temeke nzima hakuijua habari ile? Mwaka uliopita, Ramadhani ya sabini na sita, boti ya ushirika wa wavuvi wa Kijichi ilitoweka pamoja na nahodha wake, Mfaume Akida. Haikuonekana maiti, halikuonekana hata kasia. Kwanza watu walilia. Baadaye wakaanza kunong'ona, na mwisho wakasema kwa sauti: Mfaume kaiba boti, kaiuza Mombasa, kaoa huko huko. Kuiba mali ya umma, enzi zile, lilikuwa neno zito, na uzito wake wote ulimwangukia mkewe.

Mkewe aliitwa Mwanabaraka. Mara kwa mara alifika kituoni, akakaa kwenye benchi lile lile karibu na mlango, na swali lake lilikuwa moja.

"Ndugu Inspekta, mie ni mke wa mwizi au ni mjane? Akiwa mwizi nitamlaani. Akiwa amefariki nitamlilia. Sasa hivi nifanye nini?"

Swali hilo lilimkera Revelian kuliko jino.

"Kumbe kweli mzee aliiba," alisema Gaudens akiizunguka boti. "Nzima hii. Haikuzama wala nini."

"Nyamaza kwanza. Gaspar, nani kakuuzia?"

"Kornelio. Fundi mashine, anakaa Mwananyamala."

"Alikuwaga fundi wa ushirika huo huo wa Kijichi," alisema Gaudens. "Aliacha kazi mara tu boti ilipopotea."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba aliinunua kwa Mgiriki mmoja, mwaka sabini na tano, Mgiriki akarudi zake kwao. Mie nikaona stika za Kizungu zimejaa, nikaamini. Nikasema nizitoe nipake rangi. Ya kwanza kutoka, naona J. Ya pili, I na T. Kufika ya tatu nikalijua jina lote. Si mlitangaza redioni, boti ikionekana habari zije Temeke? Mali ya ushirika, afande! Nikikutwa nayo nitajitetea vipi?"

"Umezitoa zote?"

"Zote."

"Na ile?"

Ukingo wa nyuma wa boti ulikuwa mpana kama benchi. Juu yake ilibaki stika moja, ya kijani, yenye jembe na nyundo.

Gaspar alirudi nyuma. "Ah-ah! Ile mie siigusi. Mjumbe wa nyumba kumi anakaa ng'ambo ya ukuta huu. Akiniona nakwangua nembo ya Chama kwa kisu, si nitalala gereza la Ukonga?"

Gaudens alicheka. Inspekta hakucheka. Aliitazama ile stika muda mrefu, ulimi ukipapasa jino bovu.

"Gaudens, wewe umekulia pwani. Nahodha wa boti kama hii anakaa wapi?"

"Hapo hapo ukingoni, afande. Mkono mmoja kwenye mashine."

"Kwa hiyo anaikalia nembo."

Kicheko kilitoweka usoni mwa Gaudens. "Haiwezekani. Nembo huwekwa mbele, watu waione. Kuikalia ni matusi. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayeiweka hapo."

"Yupo aliyeiweka. Gaspar, chemsha maji."

Maji yalipoletwa, Inspekta alikunja mikono ya shati na kuifanya kazi mwenyewe. Aliloweka kitambaa, akakilaza juu ya stika, akangoja gundi ilainike, akaanza kuinyanyua pembe moja taratibu. Gaspar aligeukia ukuta. "Mie sijaona kitu," alisema. "Mtakapoulizwa, mie nilikuwa natazama ukuta."

Stika ilitoka nzima, bila kuchanika. Inspekta aliilaza juu ya gazeti safi. Chini yake palikuwa na puti, ile rojo ya kuzibia matundu, imepakwa haraka haraka na kuachwa na mabonde. Aliibetua kwa ncha ya kisu. Tundu lilikuwa refu na jembamba, faiba, lile gamba gumu la boti, imepasuka kuelekea ndani kwa kishindo cha kitu kizito chenye ncha. Ndani ya puti zilinata nywele chache. Pamoja nazo kulikuwa na kipande cha kitambaa, kilichotariziwa kwa mkono, chenye madoa ya kahawia.

Sasa hata Gaspar aligeuka akatazama.

"Mtu asiguse," alisema Revelian. "Lete kibano na bahasha. Nywele na puti ziende kwa Mkemia Mkuu wa Serikali leo hii. Kitambaa kwanza nitamwonyesha mtu, kisha nacho kifuate."

Mwanabaraka alifika kituoni kabla ya Alasiri, akiwa amejifunga kanga iliyopauka. Inspekta aliweka kile kipande juu ya karatasi nyeupe. Mwanabaraka hakukishika. Alikiinamia tu.

"Kofia ya mume wangu," alisema.

"Kofia ziko nyingi, mama. Umeijuaje?"

"Mie ndiye niliyeishona. Tazama vitobo hivi. Hapa sindano ilivunjika na uzi ukaisha, nikaunga na uzi mwingine, ona, una manjano kidogo. Nilitaka kufumua. Mfaume akasema, acha hivyo hivyo, nitajua ni mkono wako." Alimtazama Inspekta. "Mmeitoa wapi?"

Revelian alimweleza: boti, ukingo, tundu. Hakumficha madoa.

"Kwa hiyo..." alianza Mwanabaraka, akashindwa.

"Bado sijamaliza, mama. Nikikwambia sasa nitakwambia nusu."

"Basi usiniambie nusu, Ndugu Inspekta. Nusu nimekaa nayo mwaka mzima."

Majibu ya Mkemia Mkuu yalipokuja yalikuwa mafupi: nywele za binadamu, damu ya binadamu. Siku hiyo hiyo Kornelio alitolewa Mwananyamala na kuletwa kituoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mikono mikubwa isiyotakata kwa sababu ya mafuta ya mashine. Alikaa wima kitini.

"Hulazimishwi kusema neno," alisema Inspekta. "Utakalosema litaandikwa, na laweza kutolewa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, afande. Sina la kuficha."

"Boti uliipata wapi?"

"Kwa Mgiriki. Sabini na tano."

"Ya Kijichi unaijua?"

"Naijua. Nilikuwa fundi wake. Ni nyingine."

"Stika ulibandika wewe?"

"Hapana. Nilizikuta."

"Zote?"

"Zote. Sikuongeza, sikupunguza. Nilivyoinunua ndivyo nilivyoiuza."

"Na ile ya nyuma, ukingoni?"

Kornelio alitazama mlango. "Nayo niliikuta."

"Andika, Gaudens. Nayo aliikuta, mwaka sabini na tano." Inspekta alifungua gazeti juu ya meza. Jembe na nyundo vilimtazama Kornelio. "Soma hapo chini."

"CCM."

"Chama Cha Mapinduzi kimezaliwa lini?"

Kornelio aliinamisha kichwa.

"Nchi nzima ilicheza ngoma, wewe ulikuwa umelala? Tarehe tano Februari, mwaka huu wa sabini na saba. Sabini na tano tulikuwa na TANU. Sasa nieleze, ndugu yangu, huyo Mgiriki aliipata wapi stika ya chama ambacho hakijazaliwa?"

"Labda... labda watoto waliibandika juzijuzi. Pale nilipoiweka."

"Watoto walipaka puti pia?"

Kornelio aliinua kichwa. Inspekta aliweka mezani bahasha, akakitoa kile kipande cha kofia kwa kibano.

"Hiki kilikuwa ndani ya puti. Mwanabaraka amekitambua. Yuko hapo nje, kwenye benchi. Nimwite akuulize mwenyewe?"

"Hapana!" Kornelio alijikuta amesimama. Gaudens alimkalisha. "Msimwite, afande. Nakuomba. Mwanamke yule alikuwa akiniletea futari."

Hapo ndipo uongo wake ulipoishia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Inspekta alimwacha alie. Hakumpa maji wala hakumkemea.

"Sema sasa," alisema baadaye. "Kwa nini?"

"Petroli."

"Petroli gani?"

"Ya ushirika. Ilikuwa adimu, unakumbuka. Nilikuwa naichota, naiuza kwa magendo, nafidia kwa mafuta ya taa. Mashine ikawa inazima baharini. Siku moja ilizima kwenye mawimbi, watu wakanusurika kufa. Mfaume aliyanusa mafuta kwenye tanki, akajua."

"Akakutishia?"

"Afadhali angenitishia!" Kornelio alijifuta uso kwa kiganja. "Aliniita pembeni. Akasema, Kornelio, huu ni mwezi mtukufu, mie sitaki kumvua mtu nguo mbele za watu. Nakupa mpaka Idd. Simama mwenyewe kwenye mkutano, useme, uombe radhi, nami nitasimama nawe."

"Ukashindwa."

"Baba yangu ni katekista kule Masasi, afande. Mie nimelelewa kwenye kengele ya kanisa. Nisimame mbele ya ushirika mzima niseme ni mwizi, habari zifike nyumbani? Kila usiku nilisema kesho. Idd ikakaribia. Siku ile aliniomba tutoke tuijaribu mashine, wawili tu, na hakuna aliyetuona. Wakati wa Alasiri akazima mashine, akainama juu ya ukingo wa nyuma kuchota maji atawadhe. Kanipa mgongo. Nanga ilikuwa miguuni pangu."

Kalamu ya Gaudens ilisimama.

"Andika," alisema Inspekta, sauti imeshuka.

"Nilipiga mara moja. Ncha ilipita na kofia mpaka kwenye ukingo, ikang'ang'ania. Nikaingiza boti kwenye mkondo wa Mzinga, nikamzika kwenye mikoko, nikaificha boti humo humo. Nikang'oa herufi, nikafunika alama zake kwa stika. Nikaliziba tundu."

"Na nembo?"

"Puti ilikuwa inaonekana. Kila stika niliyofikiria, nilijua mnunuzi ataibandua. Nikasema ile hakuna atakayethubutu."

"Ulikuwa sahihi," alisema Revelian. "Gaspar mpaka leo anatazama ukuta."

"Na watu waliposema Mfaume ni mwizi?"

Aliyeuliza alikuwa Gaudens, naye hakuwa ameruhusiwa kuuliza. Inspekta hakumkaripia.

"Niliwaacha waseme," alijibu Kornelio.

Alipelekwa mbele ya mlinzi wa amani, hakimu wa kupokea maungamo, akayarudia maneno yale yale, kisha akawaongoza polisi hadi Mzinga. Chini ya matope ya mikoko waliikuta mifupa ya mtu mzima, fuvu limetoboka nyuma. Kofia ilikuwa bado kichwani. Kipande kilichokosekana kilikuwa kile kilichokaa kwenye bahasha ya Inspekta.

Revelian hakumwita Mwanabaraka kituoni. Alikwenda mwenyewe Kijichi, kwenye banda la ushirika ambako samaki walikuwa wakipimwa, akawaomba watu wakusanyike. Mwanabaraka alisimama nyuma kabisa, peke yake. Mwaka mzima huo ndio ulikuwa mkao wake.

"Mie si mtu wa hotuba," alisema Inspekta. "Mfaume Akida hakuiba boti yenu. Aliuawa akitawadha, kwa sababu alimpa mwizi nafasi ya kutubu. Waliosema vingine wanajijua."

Mzee mmoja alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena.

Walimsalia Mfaume na kumzika siku ile ile. Baada ya maziko Mwanabaraka alimwendea sheikh kuulizia eda. Sheikh alimwambia kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, hata kama mke hakuarifiwa. Yake ilikuwa imekwisha pita.

"Kumbe nimeikaa huku wakinitukana," alisema Mwanabaraka.

Inspekta alipita kumuaga. Alimkuta akitandika majamvi uani. Alimweleza kuwa kipande cha kofia ni kielelezo, atakipata kesi ikimalizika. Mwanabaraka aliitikia kwa kichwa, akaendelea kutandika.

Hapo wanawake wa mtaa walianza kuingia, mmoja mmoja, kanga vichwani. Miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuacha kuitika salamu yake. Hao walisimama mlangoni, hawajui kama wanaruhusiwa kupita. Mmoja wao, aliyeongoza kumwita mke wa mwizi, aliangua kilio na kufunika uso.

Mwanabaraka aliweka jamvi la mwisho chini.

"Karibuni, kaeni," alisema, na sauti ikamkatika. "Mume wangu amekufa."