Naomba Ukurasa Wangu

Ndugu zangu, nipeni masikio, na mlio na simu mkononi zigeuzeni kifudifudi kwa muda mfupi, hazitakufa. Nyumba ninayotaka kuwasimulia ilikuwa na amani yake. Kilichoivuruga hakikuvunja mlango wala dirisha. Kiliingia kwa mlio mdogo juu ya meza, ukarudi tena na tena, mpaka watu wa nyumba hiyo wakasahau kuwa kuna wakati meza ilikuwa kimya.

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya mume, fundi wa kujalidi vitabu. Humo mlikuwa na kisu cha kukatia karatasi, kopo la gundi na uzi uliopakwa nta. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mke. Kila alfajiri alikaa humo na kikombe cha chai, akaandika tafakari fupi ya Neno la Mungu, akaituma mtandaoni kabla watu hawajavaa viatu vya kazini. Wasomaji elfu kumi na tisa walimfuata, wakambatiza jina la Mama Asubuhi.

Pembeni mwa kikombe palikaa daftari nene la jalada la bluu, ambalo mumewe alikuwa amemshonea kwa mkono. Hilo lilikuwa daftari la maombi. Mtu alimvuta pembeni baada ya ibada, au alimwandikia faragha: mume wangu ananipiga, mwanangu ameanza kuvuta, nimepimwa na sijamwambia mtu. Mama Asubuhi alimpa kila mmoja ukurasa wake, wenye jina, tarehe na shida. Ombi likijibiwa, aliandika chini kwa wino mwekundu, "Imejibiwa." Hakuna aliyewahi kuuliza daftari hilo hufungiwa wapi. Walimwamini, basi.

Siku moja akatokea mtu mtandaoni aliyejiita Ungo, hana sura wala jina la kweli. Chini ya tafakari ya siku ile akaandika: "Huyu mama anatunywesha majani ya chai yaliyochemshwa mara ya tatu. Rangi ipo, ladha hakuna." Watu mia nne wakacheka. Mama Asubuhi alisoma maneno yale mara kumi na moja, na kila aliposoma yalimchoma upya.

Kesho yake Ungo akarudi, na keshokutwa pia. Mama Asubuhi akaanza kuandika tafakari juu ya watu wenye wivu, kisha juu ya wanafiki. Mwishowe akawa anaokota aya kama mtu anavyookota mawe, anapima ipi nzito. Chai ikawa inapoa. Mumewe akawa anakula akitazama utosi wa mtu, maana uso ulikuwa ndani ya simu.

"Mke wangu," fundi alimwambia siku moja, "unagombana na mtu usiyemjua."

"Namjua."

"Nani?"

"Dada yako."

Fundi aliweka kijiko chini. Dada yake alikuwa mwalimu wa kwaya, mjane, mwanamke wa sauti kubwa na utani mwingi. "Dada yangu amekukosea nini?"

"Kwani hukumsikia, hapa hapa mezani, alivyosema mahubiri ya yule mchungaji mgeni kanisani yalikuwa majani ya chai yaliyorudiwa maji? Nani mwingine anaongea hivyo?"

"Kila mtu anayekunywa chai," fundi akajibu. "Toka huko mtandaoni, mama. Ulikuwa unaandika vizuri kabla ya kuhesabu wanaokupenda. Tafakari zako ntazijalidi mwenyewe ziwe vijitabu, tuvigawe kanisani. Toka tu."

Ushauri ulikuwa mzuri, na Mama Asubuhi aliukubali. Angetoka kimya kimya, mimi leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini hakutaka kutoka tu. Alitaka mlango upige kishindo, na kidole cha mtu kibaki katikati.

Asubuhi aliyopanga kuondoka alifungua daftari la bluu. Alikuwa anautafuta ukurasa mmoja, na alijua uko wapi. Tarehe yake ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Ndani yake mwalimu wa kwaya aliomba kwa ajili ya binti yake wa pekee, ambaye alipomzika baba yake aliacha kusema kabisa. Alilazwa wodi ya wagonjwa wa akili wiki saba. Mama mtu aliwaambia watu binti yuko safarini kwa ndugu. Mwisho wa ukurasa paliandikwa, "Asijue mtu," na chini yake kwa wino mwekundu, "Imejibiwa." Maana binti alipona, akasomea ualimu, akawa mwalimu wa chekechea.

Mama Asubuhi aliusoma wote, akaandika hata hivyo.

"Leo naondoka mtandaoni ili nimtafute Mungu katika ukimya. Namwachia Ungo neno moja. Yuko mwimbishaji anayewaliza Jumapili kwa sauti yake. Mwulizeni binti yake alisafiri kwenda wapi miaka mitatu iliyopita, na wodi ile inaitwaje. Sasa anafundisha wanenu kuosha mikono. Mwenye kuelewa ameelewa."

Akatuma. Akasubiri mpaka alama za kwanza za moyo zilipoanza kupanda, kisha akafuta akaunti yake yote. Nisiwafiche, alifurahi. Utamu ulimjaa kifuani, akajisemea, "Na yeye aonje."

Siku tatu zilizofuata nyumba ilitulia. Mama Asubuhi alifagia akiimba, alikula akimtazama mumewe, na mumewe akamwambia, "Umerudi." Hakujua kilichoandikwa, maana simu yake ilikuwa ya kupigia tu. Mke naye aliichukua raha ile akaiita amani ya Mungu.

Lakini akaunti ikifutwa, maneno hayafutiki katika simu za watu. Walishayapiga picha. Na hapa naomba nisimame niseme na ninyi mlioyasambaza. Mliweka vikaragosi vya kulia, mkaongeza, "Tuwaombee." Mlikuwa hamuombi, mlikuwa mnakula. Baadhi yenu mmekaa mbele hapa na nawaona, msianze kuangalia viatu.

Siku ya nne aligonga mama muuza mboga. Hakukubali kuketi.

"Mama Asubuhi, naomba ukurasa wangu."

"Ukurasa gani, dada?"

"Ule wa mume wangu. Uchane tu unipe, ntaenda nao."

Mama Asubuhi akacheka cheko la mtu asiyeelewa. Nyuma ya muuza mboga alisimama muuguzi. "Na wangu," akasema. Nyuma yake dereva wa lori, jitu zima lililowahi kulia likiombewa katika chumba cha nyuma, sasa anatazama ukutani. Kufikia saa nne karakana ilijaa. Hakuna aliyetukana. Kila mmoja alisema maneno yale yale matatu, na Mama Asubuhi akatamani hata Ungo arudi amtukane, kuliko heshima ile ya baridi.

"Kuna nini?" fundi akauliza. Muuguzi akampa simu. Fundi alisoma akiwa amesimama, midomo ikienda taratibu, na alipofika kwa binti wa dada yake akaketi.

"Lete daftari," akamwambia mkewe.

"Baba, nisikilize kwanza..."

"Lete."

Akalichukua na kisu cha kukatia karatasi. Hakutaka kurasa za watu zichanwe ovyo. Alikata uzi aliouweka mwenyewe, kifundo baada ya kifundo, akatoa ukurasa mmoja mmoja, akaukunja, akaukabidhi kwa mikono miwili. Mama Asubuhi alisimama pembeni akitaja majina. Kila aliyepokea alisema, "Asante, fundi." Kwake yeye hakuna aliyesema neno.

Wa mwisho kuingia alikuwa mwalimu wa kwaya. Siku hiyo hakuja na utani.

"Wifi, karibu ukae," Mama Asubuhi akasema.

"Sikuja kukaa. Wazazi wamewazuia watoto nyumbani. Mkuu wa shule amemwambia mwanangu apumzike kwanza. Amekaa kitandani ametazama ukuta, leo siku ya pili hajasema. Unaikumbuka hali hiyo. Uliiandika wewe."

Mama Asubuhi alijitetea kwa silaha pekee iliyobaki. "Wewe ndiye Ungo. Ulianza wewe."

Mwalimu wa kwaya akatoa simu yake, akamwekea mbele ya macho picha ya maoni aliyoihifadhi kabla akaunti haijafutwa. "Ungo simjui mimi, na sijali ni nani. Soma. Hilo ni jina langu. Nilimjibu mara saba. 'Huyo ni mke wa kaka yangu, anaamka alfajiri kukuombea hata wewe.' Hukuyaona haya?"

Hakuyaona. Yalikuwa pale pale, mstari mmoja chini ya matusi, lakini yeye alisoma matusi tu. Akashika ukingo wa meza ya gundi.

"Nafungua akaunti sasa hivi," akasema. "Naandika niombe radhi, wote waone."

"Thubutu! Ulitoka, baki huko huko nje. Usilipandishe jina la mwanangu jukwaani mara ya pili ili watu wakusifu kwa unyenyekevu. Darasa lake lina watoto ishirini na sita. Utakwenda nyumba ishirini na sita, utagonga, utasema kwa mdomo wako: nilitoa siri ya maombi ili nilipize kisasi, na niliyemlipiza hakunikosea."

"Nikifanya hivyo utanisamehe, wifi?"

"Leo nakuchukia. Nikisema vingine nitakuwa naongopa, na Jumapili nina kuimbisha."

Fundi alinyoosha ukurasa uliobaki ampe dada yake. Mwalimu wa kwaya akakataa. "Huo si wangu, ni wa mwanangu. Hata mimi niliileta siri yake bila kumwomba ruhusa. Acha humo, atauchukua mwenyewe akiweza kusimama."

Mama Asubuhi alikwenda. Aliyezoea kuongea na maelfu bila kuona jicho la mtu sasa aliongea na mmoja mmoja vizingitini. Nyumba nyingine zilimfungia. Katika nyumba ya tisa mama mmoja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza, "Na haya ninayokujibu, utayaandika wapi?" Alimaliza zote ishirini na sita. Watoto kumi na wanne wakarudi darasani, lakini mwalimu wao hakuwepo. Ilimchukua wiki tano kusema tena, na aliposema, alisema anataka shule ya mbali, ambako hakuna anayemjua.

Siku ya kuondoka alipita karakana kumuaga mjomba wake. Walikumbatiana kwa muda. Kisha akamgeukia mke wa mjomba, ambaye alikuwa amesimama mlangoni hajui aweke wapi mikono.

"Shangazi, nimeambiwa nina ukurasa hapa."

Mama Asubuhi akauleta katikati ya yale majalada mawili ya bluu, maana ndani hamkuwa na kingine. Binti aliusoma wote, mpaka pale chini penye wino mwekundu. Akaomba kalamu. Mjomba akampa. Akachora mstari juu ya neno "Imejibiwa", mstari mmoja ulionyooka, jinsi walimu wanavyosahihisha, akaurudisha ukurasa mikononi mwa aliyeuandika.

"Anza upya," akasema, akabeba begi lake akatoka.

Mpaka leo Mama Asubuhi huamka alfajiri. Haandiki tafakari, na hakuna anayezisubiri. Hufungua majalada yale, husoma ukurasa ule, hupiga magoti. Wino mwekundu bado anao, ila hajathubutu kuufungua.

Funzo

Ndugu zangu, kuondoka mtandaoni si kosa, na wengi wetu tungepona tungeondoka kesho. Kosa ni kuondoka ukiwa umerusha jiwe. Mwandishi wa mambo ya Mungu akichoshwa na kelele, na azime, aage, aende zake, asiache nyuma neno la kumkomesha mtu. Siri iliyoletwa kwa maombi si yako, umepewa uishike tu. Anayekutukana asikuzibe macho usimwone anayekutetea. Na wewe uliyesambaza, usimcheke Mama Asubuhi. Yeye alizungukia nyumba ishirini na sita. Wewe hujagonga hata moja.