Jina Lililotolewa Kwenye Wimbo

Kila siku baada ya shule, Marieta alibadilisha sare, akala kiporo cha makande, kisha akashuka mpaka uani kwa Bibi Verediana, jirani yao, kukata vitunguu swaumu. Kule kijijini kwao Daudi, msimu wa vitunguu swaumu ukifika, hakuna mtoto wa kukaa bure. Kina mama wa jirani hutandika turubai, huketi duara na visu vyao, wakakata mizizi na majani makavu mpaka jua liingie. Harufu ya vitunguu inaganda mikononi hata uoge vipi. Marieta alikuwa darasa la sita, vidole vyake vyepesi, lakini mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi, maana msichana huyu alikuwa haachi kuimba.

Aliimba chochote. Kaka yake Evarist alikuwa na simu iliyojaa nyimbo za kwaya na za bongo fleva, na Marieta alizijua zote, hata zile ambazo mama yake, Benedikta, hakutaka azijue. Watu wakimuuliza atakuwa nani akikua, hakusema daktari wala rubani kama wenzake. Alisema atakuwa mwanamuziki, tena wa kutunga nyimbo zake mwenyewe.

Kwa Bibi Verediana nako waliimba. Bibi ndiye aliyeanzisha, kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini yenye kukwaruza kidogo, na kina mama wakaitikia huku visu vikienda. Nyimbo zilikuwa nyingi, lakini mmoja haukukosa hata siku moja. Ulimwita mtu aitwaye Ludovika. Ludovika, kwako jua limetoka? Huku kwetu bado ni ukungu. Ludovika, nani anakuchotea maji? Kina mama wakiitikia jina hilo, hata Marieta aliyezoea mdundo wa kwenye simu alisikia kitu kimemkaa kifuani.

Basi siku moja Mwalimu Rogathe akatangaza mstarini kuwa kutakuwa na tamasha la nyimbo la shule za kata. Atakayeshinda angeiwakilisha kata mjini Mbulu, na wimbo wake ungerekodiwa studio. Sharti lilikuwa moja: wimbo uwe umetungwa na mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu Rogathe alikuwa mwenyeji wa Same, amehamishiwa Daudi mwaka ule. Kiiraqw hakukijua, lakini kwenye muziki huwezi kumdanganya kirahisi, kwa kuwa alikuwa ameimba kwaya tangu utoto wake.

Marieta hakulala vizuri kwa furaha. Kesho yake tu alikuwa mlangoni kwa mwalimu na wimbo mpya.

"Umeniumiza moyo, nalia usiku, mapenzi yameniua," aliimba, macho ameyafumba kama waimbaji wa kwenye video.

Mwalimu Rogathe alijikaza asicheke. "Marieta mwanangu, nani amekuumiza moyo wewe, darasa la sita?"

"Hakuna, mwalimu."

"Na huo mdundo ninao kwenye simu yangu. Wewe umeubadilisha shati tu. Nenda katunge wimbo wako."

Akaenda. Akaleta wa pili, mwalimu akasema huo ni wa kwaya fulani. Akaleta wa tatu, nao ukawa na mwenyewe. Wa nne hata Marieta aliujua ni wa nani kabla hajaumaliza, akaukatiza katikati na kuondoka. Siku zilikuwa zinakwisha, na kila akifungua mdomo kutunga, kilichotoka kilikuwa simu ya Evarist.

Jioni ile alikaa kwenye turubai kimya, kisu mkononi. Bibi Verediana akaanzisha ule wimbo wake, kina mama wakaitikia. Marieta akasikiliza kwa masikio mapya. Huu haukuwa kwenye simu ya mtu yeyote, na Mwalimu Rogathe hakuwahi kuusikia.

Usiku akaugeuza kuwa Kiswahili. Ulikubali vizuri, isipokuwa jina. Ludovika! Nani anaimba Ludovika siku hizi? Akalitoa, akaweka "rafiki".

Kesho yake Mwalimu Rogathe aliusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Sasa huu ni wimbo," alisema. "Umeutoa wapi?"

"Umenijia tu, mwalimu," Marieta akajibu, akiangalia viatu vyake.

Rafiki yake Emanuel alikuwa anafuta ubao karibu. Walipotoka nje akamshika begi. "We Marieta, ule si wimbo wa kina mama wa vitunguu?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si wako."

"Wimbo wa kazini una mwenyewe?" Marieta aliuliza. "Kila mtu anauimba. Ni kama njia ya kwenda kisimani, anayetaka anapita."

Emanuel alikuna kichwa. Kwa kweli watu wote wa pale walifikiri hivyo hivyo. Wimbo ukishaitikiwa na watu wengi, nani anauliza ulianzia kwa nani? Akaachia begi, wakaenda zao.

Siku ya tamasha uwanja wa shule ulijaa wazazi. Marieta alisimama mbele ya maikrofoni, akaimba, na uwanja ukatulia. Kina mama wengine walitazamana, lakini wengi walisikia Kiswahili kizuri na sauti nzuri, wakapiga makofi. Akatangazwa mshindi. Jaji akamuuliza mbele ya watu wote, "Binti, huu wimbo umeutunga mwenyewe?"

"Ndiyo," alisema Marieta. "Nimeutunga mwenyewe."

Kule nyuma, Bibi Verediana alijifunga vizuri shuka yake, akainuka kwenye benchi, akaondoka bila kuaga mtu.

Jumatatu Marieta alishuka uani kwa bibi kama kawaida. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Hakuwa amekasirika. Alimsogezea rundo la vitunguu na kisu chenye makali, kama siku zote. Ila hakuimba. Kina mama walingoja aanzishe, hakuanzisha. Mmoja akajaribu wimbo wa kanisani, ukaitikiwa kidogo, ukafa. Zikabaki sauti za visu na kuku wanaopekua maganda. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata tena. Kazi ilikwenda polepole, wengine wakaanza kulalamika mgongo.

Marieta aliona aibu, lakini aibu yenyewe hakujua aiweke wapi. Mwishowe, wakati wanapanda kurudi nyumbani, akamuuliza mama yake, "Mama, Bibi Verediana anaumwa?"

Benedikta alisimama njiani, akatua kikapu. "Nilikuwa nangoja uniulize," alisema. "Nilitaka uniambie mwenyewe, lakini naona unataka kupitia kwa mlango wa nyuma. Unamjua Ludovika?"

"Ni jina tu la kwenye wimbo."

"Alikuwa mdogo wake bibi, kitinda mimba. Bibi ndiye aliyembeba mgongoni. Aliolewa Balangdalalu, kule Hanang, na huko akafariki. Ilikuwa masika, mvua imekata barabara, gari hakuna. Bibi alifika wameshamzika. Hakumwosha, hakumtupia hata kiganja cha udongo. Alirudi hapa akakaa kama bubu. Siku moja akiwa anapalilia peke yake, akaanza kumuuliza mdogo wake maswali. Kwako jua limetoka? Nani anakuchotea maji? Sisi tuliokuwa shamba la jirani tukaona tusimwache aulize peke yake, tukamwitikia. Mpaka leo."

Marieta alitamani ardhi ipasuke. "Mama, mimi sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukuuliza. Na hilo jingine ulilijua. Uliulizwa na jaji ukasema ni wako." Benedikta akajitwika kikapu. "Mimi sitakwenda kukusemea. Miguu unayo."

Ulikuwa mtihani. Akisema ukweli, safari ya mjini imekufa, studio imekufa, na shule nzima ingemcheka. Asiposema, angepanda jukwaani Mbulu na kulirudia lile "nimeutunga mwenyewe". Alijaribu kulisema taratibu akiwa anakamua ng'ombe, akaliacha nusu. Kesho yake asubuhi hakupitia njia ya shule. Alikwenda kwa Bibi Verediana, akamkuta anawasha moto jikoni, akapiga magoti pale pale kwenye majivu.

"Bibi, nimekuibia. Nilichukua wimbo wako nikasema wangu. Nisamehe."

Bibi Verediana alipuliza moto mpaka ukashika. "Kuuimba si neno," alisema. "Ungekuja ukasema, bibi nipe huu wimbo nikaimbe shuleni, ningekupa na chai juu. Nyimbo hazipungui kwa kuimbwa." Akasukuma kuni ndani. "Lakini ulimtoa Ludovika. Nimekaa kwenye benchi, nasikia maneno yangu yote yanapita, nangoja jina lake, halikuja. Marieta, mimi sikumzika mdogo wangu. Ule wimbo ndipo mahali pekee anapoitwa."

Marieta alilia kwa sauti. Bibi akamwacha alie, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akampa.

"Sasa nimefunga mdomo," bibi aliendelea, "kwa sababu kila nikitaka kumwita, nasikia ile 'rafiki' yako. Ngoja ipite."

"Itapita, bibi?"

"Itapita ukienda kusema ukweli kule ulikosemea uongo."

Mwalimu Rogathe alimsikiliza Marieta ofisini bila kumkatiza. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliinua simu, akawaambia waandaaji, na jibu likaja kabla ya kengele ya mapumziko. Ushindi umefutwa, na kata itawakilishwa na mvulana wa shule ya jirani aliyekuwa wa pili. Mstarini Marieta alisimama mbele ya shule yote akasema, "Wimbo ule si wangu. Ulitungwa na Bibi Verediana, kwa ajili ya mdogo wake Ludovika. Mimi nilidanganya." Wapo waliocheka. Emanuel hakucheka.

Gari la kwenda Mbulu lilipita mbele ya shule yao, watoto wa shule ya jirani wanaimba ndani. Marieta alilitazama mpaka likapotea kwenye kona, na iliuma, wala nisikudanganye kwamba haikuuma.

Jioni hiyo akamuuliza Bibi Verediana, "Bibi, uliwezaje kutunga? Mimi nikitunga yanatoka ya watu."

"Mimi sikutunga. Nilikuwa naongea na mtu ambaye hayupo," alisema bibi. "Wewe hapo mwanzo ulikuwa unaongea na nani?"

Marieta alifikiri. Hakuwa anaongea na yeyote. Alikuwa anataka kupigiwa makofi tu. Na mtu ambaye hayupo anamjua vizuri: baba yake Nikolausi, anayelima mbali kule Getanuwas kwenye shamba la kukodi na kurudi nyumbani mara chache. Kuna mambo mengi alitaka kumwambia na simu ya huko haishiki. Basi akaanza kuongea naye. Aliongea naye akichota maji, akikata majani ya ng'ombe, akilisha kuku. Maneno mengine yalikuwa ya ovyo akayaacha. Mengine yakajirudia yenyewe, na yale yanayojirudia yakapata sauti. Sauti yenyewe ilikuwa na kidogo cha kwaya na kidogo cha simu ya Evarist, na mwitikio wake ulikaa kama wa kina mama wa vitunguu, lakini habari ilikuwa ya kwake.

Siku alipokuwa tayari, Mwalimu Rogathe alikuwa amekuja uani kwa bibi kununua vitunguu vya kupeleka kwao Same. Marieta aliomba ruhusa, akasimama pembeni ya turubai.

"Wimbo huu ni wa baba yangu," alisema. "Kuitikia nimejifunza kwa Bibi Verediana. Mengine nimejifunza kanisani na kwenye simu ya kaka."

Kisha akaimba:

Baba, ndama amesimama,
miguu inamtetemeka.
Baba, koti lako navaa mimi,
mikono inanifunika.
Baba, mlango unalia usiku,
tunadhani ni wewe.

Visu vilikuwa vimesimama. Benedikta alikuwa anatazama chini, anapangusa uso kwa mkono wenye harufu ya vitunguu, na machozi yakazidi kumtoka.

"Kwa nini hukuimba huu kule?" aliuliza Mwalimu Rogathe polepole.

"Nilikuwa sijautunga, mwalimu."

Mwalimu akawageukia watoto waliokuwa pale, Emanuel akiwa miongoni mwao. "Mmesikia alivyoanza? Amewataja waliomfundisha, kisha akaleta cha kwake. Hakuna anayeimba bila kujifunza kwa mwenzake, hata mimi. Kujifunza kwa mtu si wizi. Wizi ni kulifuta jina lake. Mwakani tamasha lipo tena, Marieta. Huu tutaupeleka."

Kina mama wakarudi kwenye kazi. Bibi Verediana alichukua kitunguu, akakata mizizi, akakitupa kwenye rundo. Akakohoa kidogo kusafisha koo. Ndipo akaanza, taratibu, kwa Kiiraqw: Ludovika, kwako jua limetoka? Turubai zima likaitikia, na Marieta akaitikia kwa nguvu kuliko wote, akilitamka jina lote bila kupunguza kitu.

Wimbo ulipokwisha, bibi hakuanzisha mwingine. Aliweka kisu chini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja nyumba ya watu na shida yake.

"Mjukuu wangu," alisema, "ule wa baba yako nimeupenda. Naomba, mwenye wimbo, unaniruhusu niuimbe?"