Mbuzi wa Ukurasa wa Mwisho

Kila asubuhi Mama Jeannine alikaanga maandazi mbele ya nyumba yake, katika mtaa wa Ngezi, mjini Bunia. Wateja walikuja, naye akawafungia maandazi katika karatasi. Karatasi ilitoka popote: daftari la zamani, gazeti, hata kadi ya mwaliko wa harusi iliyovunjika kabla ya kufungwa. Mama Jeannine hakubagua.

Jumatano moja karatasi ziliisha. Chini ya mto wa binti yake, Gracia, aliona kijitabu cha katuni. Akakifungua. Mbuzi. Mtu mwenye kofia. Mbuzi tena. Mama Jeannine akatoa hukumu kwa uzito wa jaji: kitabu cha kweli hujaa maneno na humchosha msomaji, hiki ni mchezo. Akakichana. Karatasi kumi na mbili zikaondoka na maandazi.

Mchana Gracia alirudi kutoka shuleni. Aliinua mto, hakukuta kitu.

"Mama, kitabu yangu iko wapi?"

"Ile ya mapicha? Nilifungia mandazi."

Gracia hakulia, na hilo lilimtisha mama yake zaidi. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba kijitabu kilikuwa cha chumba cha kusomea cha parokia. Kilitakiwa kurudi Jumamosi kabla ya adhuhuri. Anayepoteza kitabu hunyang'anywa kadi ya kuazimia vitabu mpaka mwaka wa shule uishe.

Walipokimbia vita huko Djugu, Gracia alikaa miaka miwili bila shule. Aliporudi darasani, alisoma kwa kukwamakwama, na wenzake wakamcheka. Katika kijitabu kile tu hakukwama. Mama Jeannine hakulijua hilo. Alipomsikia akicheka chumbani, alidhani anapoteza wakati.

Wakaenda kwa jirani yao, Mwalimu Denise, aliyetunza chumba cha kusomea. Mama Jeannine alikiri yote huku akitazama viatu vyake.

"Mama Gracia," Denise akauliza, "weye unajua kusoma?"

"Kidogo tu. Maneno mingi inanichosha."

Denise akamwekea katuni nyingine mapajani. Akamwonyesha: anza juu kushoto, nenda kulia, kisha shuka. Maneno yaliyo ndani ya duara ni ya mtu anayesema, na mkia wa duara humwelekea msemaji. Duara la juu husomwa kwanza. Ukikuta neno usilolijua, tazama picha; itakusaidia.

"Watoto na wazee wanapenda hizi sababu kila picha inakusukuma kwa ingine," alisema. "Mutu anasoma bila kujua kama iko anasoma."

Mama Jeannine alitikisa kichwa kukubali. Lakini kuhusu kadi, Denise alisema sheria ya chumba hawezi kuibadilisha. Walikuwa na muda hadi Jumamosi tu.

Mama Jeannine alirudi nyumbani bila hamu ya kula.

Alhamisi asubuhi alikuja Elisabeth, fundi cherehani, akiwa na karatasi inayong'aa kwa mafuta. Hakununua kitu.

"Mama Gracia, ule mbuzi alikula makaratasi ya afisa wa mpakani. Kisha?"

Mama Jeannine nusura ambusu. Akamjibu kwamba atakayerudisha karatasi yake atasomewa hadithi yote. Habari zikaenea mtaani. Wateja wakaja mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake, kila mtu akiuliza nini kilifuata. Ijumaa jioni Gracia alizipanga mezani. Zilikuwa kumi na moja.

Ya mwisho alikuwa nayo Hubert, mwendesha pikipiki, na Hubert alikuwa amepeleka mzigo Ariwara, mji wa mbali.

Jumamosi hakuna aliyekaanga chochote. Mama Jeannine alisimama barabarani. Kila pikipiki iliyopita ilimpa tumaini, kisha ikamnyang'anya. Karibu na adhuhuri Hubert akatokea, mwekundu kwa vumbi. Alitoa karatasi ndani ya koti, lakini hakuiachia.

"Miye najua mwisho, mwanzo sijue. Siku tatu niko nawaza ule mbuzi alifika pale namna gani. Munipe mwanzo, nitawapa mwisho."

Wakakimbia wote hadi parokiani na karatasi zote kumi na mbili, Elisabeth na wateja wengine wakiwafuata. Denise alihesabu karatasi polepole, akazinusa.

"Inanuka mandazi," alisema, "lakini imerudi."

Gracia akabaki na kadi yake. Elisabeth akashona kijitabu kwa sindano. Kisha Gracia akasoma kuanzia mwanzo, mbele ya watu wote, bila kukwama. Alipofika ukurasa wa mwisho, akampa mama yake.

Mama Jeannine alifuta mikono. Juu kushoto. Kulia. Chini. Duara la mwisho lilikuwa dogo, na mkia wake ulielekea mdomo wa mbuzi.

"Mee," akasoma.

Hakukosea hata herufi moja.

Siku hizi Mama Jeannine hufunga maandazi kwa majani ya mgomba. Kila jioni kabla ya kula, yeye na Gracia husoma katuni moja pamoja. Majuzi, mbele ya wateja, Mama Jeannine alisoma maneno yote ya yule afisa wa mpakani peke yake. Wateja walimsifu. Kisha wakamwomba arudie ya mbuzi.